Usimfukuze kocha: Datsun 240Z na ugonjwa wa bushi

TIMU ikipoteza mechi tatu mfululizo, kila shabiki anajua nani atafungasha virago. Haondoki beki aliyechoka, haondoki kiungo anayetembea uwanjani, wala kiongozi aliyesajili kwa kuangalia video za kwenye simu. Anaondoka kocha. Anakuja mwingine, na baada ya mechi mbili beki yuleyule anapitwa palepale.

Kwenye gari, kocha huyo ni shokapu.

Gari ikianza kugonga, ikiyumba kwenye kona au ikivuta upande mmoja ukikanyaga breki, mwenye gari anaingia gereji akiwa na jibu lake mfukoni: zibadilishwe shokapu. Zinafungwa mpya, zinang'aa, hela inatoka. Wiki mbili mbele kelele imerudi, tena kwa dharau.

Inatokea kwa IST za mjini, inatokea kwa Subaru za vijana wanaopenda mlio, na inatokea kwa gari ambalo jina lake limo kwenye historia ya michezo ya Afrika Mashariki, Datsun 240Z. Tofauti ni moja. Kwenye IST ukiharibu kitu leo, kesho asubuhi unakwenda Gerezani unanunua kingine. Kwenye gari lililouzwa kwa jina hilo kati ya 1969 na 1973, pigo moja baya la nyundo linaweza kuua chuma ambacho hakuna duka la mtaani lenye akiba yake.

GARI LA PASAKA

Kwa kizazi kinachoijua Safari Rally ya Naivasha, ile iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, jina Datsun linaweza kuwa la babu. Ni kweli, ni la babu. Lakini babu huyo alikuwa hatari.

Safari ya kwanza ilikimbiwa mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilikuwa shughuli ya Pasaka. Watu walijaa barabarani kama wanasubiri basi la timu lenye kombe. Magari yalikula maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na tope la masika, usiku na mchana.

Mwaka 1971 ushindi ulikwenda kwa Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akiwa na msaidizi wake Hans Schüller ndani ya 240Z. Mwaka uliotangulia Herrmann alikuwa ameshinda kwa Datsun 1600 SSS. Nafasi ya pili mwaka huo wa 1971 ilishikwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta.

Mehta alikumbuka kurudi. Alizaliwa Kampala, na familia yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka 1973, akiwa na Lofty Drews kwenye 240Z, alimaliza Safari akiwa amelingana kabisa pointi za adhabu na Msweden Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun. Kwa lugha ya soka, wamemaliza ligi pointi sawa, mabao sawa. Ushindi akapewa Mehta kwa kuwa alikwenda mbali zaidi njiani kabla ya kuanza kuchafuka kwa adhabu. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rali. Baadaye akaibeba tena Safari mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Mara tano jumla. Mfungaji bora wa kudumu, huyo.

Sasa swali la shabiki: gari la milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4, lililotengenezwa kwa ajili ya watu wa kupendeza mjini, liliwezaje kuvuka mashimo yale?

Sehemu kubwa ya jibu iko chini. Gari lenyewe lilikuwa jepesi, tani moja na ushee, na kila gurudumu kati ya manne lilikuwa na mguu wake linalojitegemea. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia halilazimiki kuinama nalo. Magari mengi ya bei yake wakati ule bado yalikuwa na mhimili mmoja mgumu nyuma, kama mkokoteni. Ila uhuru huo una gharama. Kila mguu unaojitegemea una maungio, na kila ungio lina raba ndani yake. Raba hiyo ndiyo bushi, na raba ya mwaka 1971, hata kama gari limelala bandani bila kutembea, leo imekuwa mkate mkavu.

KELELE INA LUGHA YAKE

Fundi mzuri wa miguu hafungui kitu kabla ya kusikiliza. Anaendesha kwanza, polepole, kioo kikiwa chini.

Ikigonga mara moja tu unapokanyaga breki, na usukani ukavuta upande, shokapu hahusiki. Mbele ya 240Z kila gurudumu limeshikwa na mkono wa chini mmoja mwembamba, na mkono huo unazuiwa usiende mbele na nyuma na fimbo ya chuma iliyofungwa kwenye fremu. Fimbo hiyo inapita kwenye kikombe chenye raba mbili, moja kila upande. Unapobana breki, gurudumu linataka kubaki nyuma wakati gari linakwenda mbele. Raba ikiwa imekwisha, gurudumu linasogea kweli. Mlio unaousikia ni chuma kikikutana na chuma. Upande mmoja ukisogea kuliko mwingine, gari linachagua njia yake lenyewe, na wewe dereva unabaki abiria.

Ikigonga unapoachia klachi au unapokanyaga mafuta, usipoteze hela miguuni kabisa. Difu ya gari hili imeshikwa mbele kwa raba ambayo inajulikana kwa kuchanika. Ikichanika, difu inanyanyuka na kugonga, na watu wengi wamebadilisha miguu yote ya nyuma kwa kosa la mtu mwingine. Hii ni kadi nyekundu iliyotolewa kwa mchezaji ambaye hakucheza rafu.

Ikigonga kwenye vishimo vidogo tu, hapo ndipo shokapu anaweza kuingia kwenye orodha ya watuhumiwa, pamoja na raba za juu zinazoshika mguu kwenye bodi. Lakini kuna kichekesho. Shokapu ya 240Z inakaa ndani ya bomba la mguu, na imebanwa na nati kubwa juu. Shokapu mpya zinazouzwa leo si lazima ziwe na urefu ule ule wa bomba. Zikiwa fupi zinahitaji kipande cha kujazia chini, na fundi mwenye haraka hakiweki, au anaweka nati bila kuikaza sawasawa. Matokeo yake shokapu mpya inacheza ndani ya bomba kama kokwa ndani ya kopo. Yaani kocha mpya amekuja na matatizo yake mwenyewe.

Baada ya kusikiliza ndipo gari linanyanyuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi. Si juu ya jeki, stendi. Gurudumu linashikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, angalia beringi na boljointi. Linashikwa kushoto na kulia. Likicheza, angalia tairodi na mashine ya stiringi. Halafu mtarimbo unaingizwa kati ya mkono na fremu, unasukumwa kidogo, na jicho linabaki kwenye bushi. Bushi nzima inanyumbulika na kurudi. Bushi iliyokufa inaonyesha mwanya, au unaona unga mweusi na kutu nyekundu pembeni mwake.

PINI ILIYOWASHINDA WENGI

Mbele ya 240Z ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye vifaa. Nyuma ndipo mechi ilipo.

Mguu wa nyuma umeshikana na mkono wake wa chini kwa pini moja ndefu inayozidi futi moja. Pini hiyo inapita kwenye bushi ya mbele, inapenya nyumba ya chuma inayobeba habu ya gurudumu, na inatokea kwenye bushi ya nyuma. Katikati imezuiwa na kabari ndogo isizunguke. Kwenye mchoro ni kitu safi kabisa. Mhandisi aliyeichora pengine hakufikiria kwamba kuna siku mtu atataka kuitoa baada ya nusu karne ya mvua, chumvi na tope.

Pini haitoki. Kutu imeiunganisha na vyuma vinavyoizunguka mpaka havijui tena nani ni nani. Ni ugonjwa maarufu wa gari hili dunia nzima, kuanzia Japani lilikozaliwa hadi Marekani ambako ndiko lilikouzwa sana.

Kosa la kwanza, na ndilo la kila mtu, ni nyundo. Fundi anafungua nati ya mwisho, anaona ncha ya pini yenye nyuzi, anaipiga. Pigo la tatu ncha inafutuka kama uyoga. Kuanzia hapo hata pini ikilegea, kichwa chake hakipiti tena kwenye tundu. Kama ni lazima kupiga, nati inarudishwa kwanza mwisho wa nyuzi ili ipokee pigo yenyewe, na hata hivyo unapiga kwa kubembeleza.

Kosa la pili ni kusahau kabari. Inafichwa na uchafu, na mtu ambaye hajawahi kulifungua gari hili anaweza kupigana na pini mchana kutwa wakati imefungwa katikati. Kabari inatoka kwanza. Nayo nati yake inalegezwa na kuachwa kwenye nyuzi, kisha inagongwa polepole, kwa sababu ikikatikia ndani umejipa kazi ya kutoboa.

Kinachosaidia ni subira. Mafuta ya kulainisha kutu yanamwagwa leo, kesho na keshokutwa. Baada ya hapo inajaribiwa pula, kifaa kinachoshika nyuzi za pini na kuivuta badala ya kuisukuma. Ikigoma, moto wa gesi kwenye nyumba ya chuma, siyo kwenye pini, ili tundu litanuke. Hapo raba za bushi zinaungua na kutoa moshi mbaya, kwa hiyo kazi inafanyika nje, na ndoo ya maji au mchanga iko karibu. Tangi la mafuta la gari hili liko nyuma, tusisahau.

Na ikigoma tena? Hapo ndipo fundi anayejiheshimu anajitenga na yule wa kubahatisha. Wa kubahatisha anaongeza nyundo. Anayejiheshimu anachukua msumeno au grainda na kuikata pini yenyewe, upande huu na upande ule, kwenye mwanya kati ya mkono na nyumba ya habu. Mkono unaachana na mguu. Kipande kilichobaki ndani kinapelekwa kwenye presi ya haidroliki, nyumba ikiwa imeegemezwa vizuri pande zote, na kinasukumwa nje. Ukiiegemeza vibaya, tani za presi zinaweza kuipasua.

Hesabu yake ni rahisi. Pini inauzwa mpya. Wapo watengenezaji wa vipuri vya magari ya zamani wanaoitoa mpaka leo. Nyumba ya habu imeshikana na mguu mzima, na kuipata ni kutafuta gari jingine la aina hiyo lililokufa. Kwa hiyo unamtoa kafara mchezaji unayeweza kumsajili tena. Ajabu ni kwamba watu wengi hufanya kinyume. Wanaionea huruma pini ya kubadilisha na kuitesa nyumba isiyobadilika.

RABA AU PLASTIKI NGUMU?

Mikono ikiwa mezani, linakuja swali la bushi zipi zirudi. Ziko za raba kama za kiwandani, na ziko za plastiki ngumu ya poliyurethini, zenye rangi nyekundu au nyeusi, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu zinaonekana za mashindano.

Plastiki ngumu inashika gurudumu mahali pake na gari linajibu usukani haraka. Lakini inapitisha kila kokoto hadi kwenye kiti, na isipopakwa grisi inalia kama kitanda cha bweni. Kwa gari la kutembelea wikiendi, raba inatosha kabisa. Anayeamini kwamba bushi nyekundu zitamfanya Mehta anunue tu, ni hela yake.

Sehemu moja, hata hivyo, siyo ya kuchagua kwa macho. Ni ile fimbo ya mbele iliyotajwa juu. Mkono wa chini unapopanda na kushuka, fimbo inahitaji kuinama kidogo ndani ya kikombe chake. Ukiweka plastiki ngumu pande zote mbili, umeinyima nafasi hiyo. Chuma kinaanza kukunjwa na kukunjuliwa kwenye kila tuta, kinachoka, na fimbo za namna hiyo zimewahi kukatika. Ikikatika ni kwenye breki, maana ndipo mzigo wake ulipo, na gurudumu la mbele linarudi nyuma mpaka kwenye madigadi. Kwa mwendo wa 100 kwa saa hakuna cha kumlaumu mwamuzi. Ndiyo maana wanaolijua gari hili wanaweka ngumu upande mmoja na raba ya kawaida upande wa pili, au wanaweka raba pote na kulala usingizi.

Springi nayo ina heshima yake. Ili kutoa shokapu ya mguu wa aina hii lazima springi ibanwe kwa vibano maalumu, na springi iliyobanwa ni bunduki iliyokokiwa. Kamba, waya na kumwita kijana mnene aikalie siyo vifaa.

KAZA GARI LIKIWA LIMESIMAMA

Kuna kosa moja linalofanyika hata kwenye gereji zenye vifaa vyote, na linaua bushi mpya kimyakimya. Gari liko juu, magurudumu yananing'inia, fundi anarudisha mikono na kukaza nati zote mpaka mwisho. Kazi imeisha, gari linashushwa.

Bushi ya raba haizunguki kama beringi. Imeshikwa ndani na nje, na inafanya kazi kwa kujipinda. Ukiikaza wakati mguu unaning'inia, umeiambia kwamba pale ndipo nyumbani. Gari likishuka chini raba inajipinda, na inabaki imejipinda saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Ndani ya muda mfupi inachanika. Mwenye gari anasema bushi zilikuwa feki, muuzaji anasema fundi hajui, na safari hii muuzaji anaweza kuwa na haki.

Dawa yake haina gharama. Nati zinakazwa kwa mkono kwanza, gari linashushwa lisimame kwa uzito wake, linatikiswa mara kadhaa likae sawa, ndipo zinakazwa moja kwa moja. Kuingia chini ya gari lililo chini kunahitaji shimo la gereji, na hiyo ndiyo sababu wengi hawafanyi.

Mwisho ni alaimenti, na hapa 240Z ina siri nyingine. Kama lilivyotoka kiwandani, kinachorekebishika ni kimoja tu, magurudumu ya mbele kutazamana ndani au nje, kwa kuzungusha tairodi. Kulala kwa gurudumu hakuna nati yake, mbele wala nyuma. Kwa hiyo mashine ikionyesha gurudumu moja limelala kuliko mwenzake wakati bushi zote ni mpya, fundi wa alaimenti hana cha kufanya, na akisema amerekebisha muulize amezungusha nini. Kuna kitu kimepinda, mkono, mguu au bodi yenyewe iliyowahi kugongwa.

Magari haya bado yanakimbia. Tangu 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, yapo mashindano ya Safari Classic ya magari ya zamani, ambayo mbali na Kenya yamewahi kuingia Tanzania pia, na 240Z pamoja na mdogo wake 260Z ni wageni wa kawaida humo. Usiku, madereva wakilala, mafundi wako chini ya magari na taa zao, mtarimbo mkononi, wakitazama raba.

Ile 240Z ya Herrmann ya mwaka 1971 imehifadhiwa na Nissan kwenye ghala lao la kumbukumbu huko Zama, Japani. Hiyo imestaafu. Iliyo kwa mwenye gari wa kawaida inatakiwa irudi gereji baada ya kilomita mia chache tangu kazi ifanyike, nati zote zipitiwe tena kwa spana, gari likiwa chini, na kabari za nyuma ziangaliwe kwanza. Pini mpya ziwe zimepakwa grisi nzito tangu siku ya kufungwa, ili fundi atakayezitoa miaka 20 ijayo asilazimike kuwasha moto.